Mabepari wa Venisi ni ramsa kweli? Kwa mnaoanza kusoma tamthilia

Kila wanafunzi wapya wakifika kwenye tamthilia hii ya Shakespeare yenye Shylock, mkopeshaji Myahudi, hubishana: kama ni ramsa, yaani mchezo wa kuchekesha, unachekesha nini? Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa deni, kisha yeye mwenyewe anapokonywa mali na dini. Wengi huandika "tanzia-ramsa", yaani mchanganyiko wa mchezo wa huzuni (tanzia) na wa kuchekesha, wakafunga daftari. Msifanye haraka hiyo. Istilahi hiyo ina kazi yake, lakini mara nyingi mwanafunzi hujificha nyuma yake, na msahihishaji anamwona.

Anzeni na muundo. Enzi za Shakespeare ramsa haikupimwa kwa wingi wa kicheko. Ilianza na vikwazo, ikaishia kwenye ndoa. Hapa hakuna anayekufa, jozi tatu zinaoana, na Antonio anapata habari kwamba merikebu zake tatu zimetia nanga salama. Ukurasa wa jina wa toleo la 1600 uliuita mchezo huu historia, lakini mkusanyo wa tamthilia zake wa 1623 uliuweka kwenye kundi la ramsa.

Ukiishia hapo, hata hivyo, umejibu nusu. Nendeni tendo la tatu, onyesho la kwanza, mlisome kwa sauti, mmoja akiwa Shylock na mwingine rafiki yake Tubal. Tubal analeta habari mbili kwa zamu: merikebu ya Antonio imezama, na Jessica, binti wa Shylock aliyetoroka, ametapanya dukati (sarafu za dhahabu) themanini usiku mmoja huko Genoa. Shylock anashangilia, anaugua, anashangilia tena. Ni mtindo wa vichekesho kabisa, mtu anayerushwa huku na huku kama mpira. Halafu inatajwa pete ambayo Jessica ameibadilisha kwa nyani. Shylock anasema alipewa na Leah kabla hajaoa, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Sijawahi kuona darasa lisilocheka kwenye nyani, wala lisilonyamaza likishaelewa kwamba Leah ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Kicheko na uchungu vimo katika sentensi ileile. Huwezi kuvitenganisha ukaviweka kwenye safu mbili za jedwali, kama wengine wanavyopenda kufanya.

Mahakamani ni hivyohivyo. Kisu kinanolewa, na bado kuna mzaha: Bassanio anasema yuko tayari kumtoa hata mkewe ili kumwokoa rafiki yake Antonio, bila kujua kwamba yule wakili aliye mbele yake ndiye mkewe Portia, aliyejivika kama mwanamume.

Jukwaa nalo limebadilika. Mwaka 1814, London, Edmund Kean alimwigiza Shylock kama binadamu kamili mwenye jeraha, si kikaragosi. Baadaye katika karne ya 19 yalikuwepo maonyesho yaliyokata tendo la tano lote, yakaishia pale Shylock anapotoka mahakamani. Yaani ili mchezo uwe tanzia ilibidi kuukata. Hiyo, kwangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote: ni ramsa, ila furaha yake imegharimiwa na mtu mmoja, na mwandishi hakuificha risiti.

Kwa hiyo mtihanini chagueni upande, kisha onyesheni nani analipa. Msiruke tendo la tano kwa sababu Shylock hayumo. Kutokuwemo kwake ni ushahidi. Yumo katika maonyesho matano tu ya mchezo mzima, lakini ndiye kila mtu anayemkumbuka. Na tafadhali, mfanyabiashara anayetajwa katika jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, ni Antonio, si Shylock. Kosa hili hurudi kila muhula.

Kiingereza cha Shakespeare kikiwashinda, anzeni na tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, halafu mrudi kwenye asili mkiwa mmeshaujua mkasa. Mkisoma kurasa za mwisho mwangalieni pia Antonio: ameokolewa, mali imerudi, wenzake wote wanaingia ndani wawili wawili, naye hana wa kwenda naye. Swali la aina ya tamthilia mara nyingi hujibiwa vibaya kwa kumsahau huyu.