Stesheni ya Reli ya Kati kwa skeli ya 1:87: ninunue nyumba au nijenge mwenyewe?

Mkuu mtoa mada, umesema ndugu yako amekuletea treni ndogo ya HO kutoka Ujerumani pamoja na maboksi matatu ya nyumba za kuunganisha za Faller, kampuni ya Kijerumani. Unataka meza yako ifanane na stesheni ya Reli ya Kati, na unauliza uendelee kununua nyumba au ujenge mwenyewe. Jibu langu ni hili: jengo la stesheni, ghala na tangi la maji jenga mwenyewe. Hayo maboksi usiyaunganishe kama yalivyo, yafanye stoo yako ya spea. Niko Morogoro, kazi hii nimeifanya miaka mingi kwa vifaa vya mtaani, na naipenda kweli, kwa hiyo uniwie radhi nikiwa mrefu.

Tuanze na skeli, maana humo ndimo pesa zinapopotelea. HO ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Nafasi kati ya reli zako mbili, yaani geji, ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, ambayo ndiyo geji ya SGR, ile reli mpya ya kisasa. Reli ya Kati ya zamani ni mita geji, yaani reli zake zimeachana mita moja. Gawa 1,000 kwa 87 utapata 11.5, ndiyo maana wanaotengeneza mita geji kwa skeli hii hutumia reli ya milimita 12, inaitwa HOm. Hata TAZARA yenye milimita 1,067 inaangukia hapo hapo kwenye 12. Usivunjike moyo na ulichonacho, majengo hayajali geji. Jenga stesheni yako leo kwa 1:87, weka reli za 16.5, na siku ukipata za 12 utang'oa reli tu, nyumba zitabaki. Kama moyo wako uko kwenye SGR, ujue jengo la urefu wa mita 200 litakula mita 2.3 za meza. Stesheni ndogo ya zamani yenye mita 14 inaingia kwenye sentimita 16. Kwa mtu mwenye meza moja sebuleni, wazee wa mita geji walimfanyia hisani.

Sasa chukua rula upime mlango wa hizo nyumba za kwenye boksi kabla hujagusa gundi. Mlango wa mita 2.1 kwa 1:87 unatakiwa uwe milimita 24, na mtu mzima wa mita 1.70 ni milimita 19 na nusu. Nyumba nyingi za zamani za kuunganisha zilipunguzwa makusudi, zikawa karibu na 1:100, ili kijiji kizima kienee mezani. Ukikuta mlango wa milimita 20, hiyo ni mita 1.74, abiria wako atakaribia kugonga kichwa. Nyumba za karatasi nene za Kiingereza kama Metcalfe nazo ziko 1:76, mlango wake unakaribia milimita 28. Ziweke hizo mbili bega kwa bega na kila mtu atakayesimama mbele ya meza ataona kuna kitu hakikai sawa, hata kama hatajua ni nini. Zilizo ndogo zina matumizi mazuri: zipeleke nyuma kabisa ukutani, zitafanya meza ionekane ina kina kirefu.

Najua wengine humu watasema Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani, ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo nyumba ya Kijerumani itafaa tu. Haifai. Faller wako Gütenbach, ndani ya Msitu Mweusi, na nyumba zao nyingi ni za nchi ya theluji: paa kali, dohani, mbao zilizopishana ukutani. Wajerumani waliojenga huku walikutana na jua, wakajenga kuta nene, dari za juu, matundu ya hewa na baraza pana. Kivuli cha baraza ndicho kinachomwambia mtazamaji yuko wapi. Ukikosea baraza, hata uandike jina la stesheni kwa herufi kubwa kiasi gani, haitasaidia.

Kwenye maboksi yako chukua vitu ambavyo mkono hauwezi kuvitengeneza vizuri: fremu za madirisha, milango ya mbao, gata (mifereji ya maji ya paa) na mabomba yake, ngazi, mabenchi, mapipa, mikokoteni ya mizigo. Madirisha yenye tao juu ni dhahabu, yatunze. Kuta na paa weka pembeni.

Vipimo vya jengo lenyewe vipate kwenye stesheni yoyote ndogo iliyo karibu nawe. Muone kwanza stesheni masta, mweleze unachofanya, omba ruhusa ya kupiga picha. Nenda na kijiti cha mita moja ulichokipaka nyeupe na nyekundu kila sentimita kumi, kiegemeze ukutani, kisha piga picha ukiwa umesimama wima mbele ya ukuta, sio kwa pembeni. Picha moja ya namna hiyo inakupa kila kipimo cha upande huo. Piga pande zote nne, na zaidi piga chini ya baraza, mahali nguzo inapokutana na papi, zile mbao zinazoshikilia bati. Sehemu hiyo huwa haionekani kwenye picha za watalii na ndiyo utakayoihitaji sana.

Kwa kuta, nenda kwa watengeneza mabango uombe vipande vya forex ya milimita 3, ile plastiki nyepesi ya bapa ya kutengenezea mabango. Kwao ni takataka. Inakatika kwa kisu cha karatasi, haivimbi kwa maji kama kadibodi, na supa gluu inaishika vizuri. Milimita 3 ni sentimita 26 za ukuta, unene wa haki kabisa kwa jengo la enzi hizo. Mstari wa mawe au tofali uuchore kwa kalamu ya wino iliyokauka. Plasta nzee naifanya kwa rangi ya maji niliyochanganya na vumbi laini lililochekechwa kwa kitambaa. Halafu kuna kitu ambacho nyumba za dukani hazina: paa lisilo na gata linamwaga maji chini, matone yanarusha udongo ukutani, na ukuta mweupe unakuwa na mkanda mwekundu usiopungua nusu mita kutoka ardhini. Hiyo ni milimita 6. Sugua unga wa chaki nyekundu na kahawia kwa brashi kavu, uwe mzito chini na ufifie kwenda juu.

Paa ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mawimbi ya bati la kawaida yameachana inchi 3, yaani milimita 76. Kwa 1:87 hiyo ni karibu milimita 0.9. Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue kipande cha nondo yenye uzi kama wa bolti, ya M5 (unene wa milimita 5), umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 0.8, kwa jicho huwezi kutofautisha. (Anayejenga kwa 1:76 achukue M6, uzi wake ni milimita 1 kamili na hesabu inakaa sawasawa.) Malighafi ni vile vyombo vya foili vya kubebea chakula, vioshe mafuta kwa sabuni. Kata sehemu ya chini iliyo bapa, ilaze juu ya kipande cha tyubu ya baiskeli iliyolala kwenye kioo, kisha viringisha nondo juu yake kwa nguvu, mara moja tu, bila kurudi nyuma. Mistari itatoka imeinama kidogo kwa sababu uzi wa nondo umeinama. Kwa hiyo ukikata, fuata mistari, usifuate ukingo wa foili. Bati la futi 10 ni milimita 35, na upana baada ya kupandiana ni kama milimita 9. Kata moja moja. Najua inachosha, na najua mtu anaweza kubandika karatasi moja kubwa juu ya paa zima, lakini paa la namna hiyo linaonekana la plastiki hata ulipake nini.

Bandika kama fundi anavyoezeka: anza chini, panda kuelekea kwenye kofia ya paa kileleni, kila bati lilalie la chini yake kwa milimita 2. Gundi nyeupe ya mbao haishiki foili, tumia ya fundi viatu, kidogo sana. Acha bati moja au mawili yainuke pembe. Puliza praima ya kijivu kwanza. Kutu inafuata maji, kwa hiyo ianzie kwenye matundu ya misumari na kwenye maungio, ishuke chini kwa mstari. Na usiyapake yote sawa. Paa lililoezekwa zamani limebadilishwa bati hapa na pale, na lile jipya moja linalong'aa katikati ya yenye kutu linafanya kazi kubwa.

Tangi la maji la injini za mvuke lina paneli za chuma za futi 4 kwa futi 4, hapo ni milimita 14 kwa 14. Tengeneza paneli moja ya kadi iliyochorwa alama ya X kwa kubonyeza, kisha igandamizie foili juu yake upate nakala unazotaka. Miguu iwe ya vipande vya plastiki kutoka kwenye maboksi yako.

Ghala likiwa refu kuliko meza, punguza idadi ya milango, usipunguze mlango. Ghala halisi la milango tisa ukilijenga kwa mitano hakuna atakayehesabu, lakini mlango uliofinywa unaonekana mara moja.

Kuhusu kukusanya, nyumba za mitumba mtandaoni ni nafuu, hasa zilizokwisha unganishwa. Muulize muuzaji zilitumia gundi gani. Zilizobandikwa kwa gundi nyeupe huachia ukiziloweka kwenye maji ya vuguvugu. Zilizobandikwa kwa gundi ya plastiki zimeyeyuka na kuwa kitu kimoja, hizo utazikata kwa msumeno. Mwenye ndugu Ulaya amwombe atoe vipande kwenye boksi na kuvifunga kwenye mfuko, maana nauli kubwa unalipia hewa.

Taa iwe moja tu, ofisini kwa stesheni masta. LED ya manjano, umeme wa volti 12, rezista ya kilo-ohm 1. Kabla ya kufunga paa, paka ndani ya kuta rangi nyeusi mikono miwili, la sivyo ukuta mzima utawaka.

Ukishapiga zile picha za kijiti ziweke hapa, hasa ya nguzo za baraza, nikuchoree kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kwa vipimo vya 1:87 uanze kukata.