Mwalimu, nijibu nini? Maswali yenu kuhusu Injili na falsafa za leo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu ameulizwa kuhusu imani yake akakosa la kusema. Nimechagua chache na kuzifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mgeni hotelini aliniambia Mungu tumemtunga wenyewe kwa sababu tunaogopa kufa. Nilinyamaza nikaendelea kupanga vikombe. Nilikosea? (Mhudumu wa mkahawa, Paje)

Marahaba, mwanangu. Hukukosea. Ulikuwa kazini, na mgeni alikuwa anadai chai yake. Ila akiyarudia, ujue maneno hayo yana umri mkubwa kuliko yeye. Mjerumani Ludwig Feuerbach aliyaandika mwaka 1841: binadamu huchukua yaliyo bora ndani mwake, akayapandisha mbinguni, kisha akayapigia magoti. Baadaye Sigmund Freud, daktari aliyechunguza nafsi za watu, akasema mtu mzima bado anatafuta baba wa kumlinda.

Usikimbilie kubisha. Wapo wanaosali kwa hofu tu, na mimi nimewahi kuwa mmoja wao, boti ya Pemba ilipoingia mkondo wa Nungwi. Lakini abiria anayetamani kuiona bandari ya Mkoani bahari ikichafuka, kutamani kwake hakuijengi bandari wala hakuibomoi. Ipo au haipo kwa sababu nyingine kabisa. Tena kisu hiki kinakata kuwili: wapo wanaotamani Mungu asiwepo, maana akiwepo wana hesabu ya kutoa. Matamanio ya pande zote mbili yawekwe kando kwanza, ndipo mzungumze.

Chuoni wenzangu wanasema kila mtu ana ukweli wake, jema na baya ni desturi za watu tu. Naona si sawa ila sina jibu. (Mwanafunzi, Tunguu)

Panda daladala ya mjini, ushuke Darajani, utembee mpaka Mkunazini. Nenda nao hao wenzako, jibu liko kule.

Soko la watumwa lilikuwa pale. Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali kulifunga Juni 1873, Waingereza wakiwa wametishia kumzingira kwa manowari. Mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo, na kwa mapokeo yetu altare imesimama palipokuwa na mti wa kuwafungia watu na kuwachapa viboko. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile, amezikwa nyuma ya altare hiyo.

Sasa waulize. Soko lile lilikuwa desturi. Lilikuwa na madalali wake, ushuru wake, wanunuzi waheshimiwa waliokwenda nyumbani wakasali vizuri tu. Kama jema na baya ni desturi, basi mwaka 1870 kumuuza mtu Mkunazini hakukuwa kosa. Waliokosea ni wale waliopinga, kwani ndio walioivunja desturi. Tazama kama kuna atakayelikubali hilo akiwa amesimama pale uwanjani.

Mwenye akili atakwambia: mimi simwamini Mungu na utumwa nauchukia. Ni kweli, usimbishie. Wapo wasioamini wenye huruma kutushinda sisi wazee wa kanisa. (Wala tusijifiche: Wakristo wa Ulaya na Marekani waliwauza watu kwa karne nyingi, huku Biblia ikiwa mezani.) Usimuulize kama anauchukia. Muulize hadhi ya yule aliyefungwa pale ilitoka wapi, ikiwa sultani hakuitambua, soko halikuitambua na sheria haikuitambua. Sisi tunasema alikuwa nayo tangu Mwanzo 1:27, Mungu alipomuumba mtu kwa mfano wake, kabla ya sheria yoyote. Msikilize na yeye anasema imetoka wapi. Msitarajie kumaliza siku hiyo. Kaleni urojo pale Darajani, mwendelee wiki nyingine.

Wakolosai 2:8 haikukataza falsafa? (Chake Chake)

Ilikataza kutekwa. Soma vizuri: "mtu asiwafanye mateka". Paulo mwenyewe huko Athene alijadiliana na wanafalsafa wa Kiepikureo na wa Kistoiko, akawatajia hata maneno ya washairi wao, Matendo 17:28. Huwezi kuyataja usiyoyajua.

Sayansi si imeshamwondoa Mungu? (Fuoni)

Aliyetoa mwaka 1927 hoja ya ulimwengu unaotanuka, iliyokuja kuzaa nadharia ya mlipuko mkuu, ni Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji. Mwambie anayekuuliza aanzie hapo.

Mimi nafagia kanisa na kuwatembelea wagonjwa. Wenzangu waliosoma wanaitetea Injili kwa hoja. Kazi yangu ni ndogo? (Weti)

Nani kakwambia ni kazi mbili? Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akawa askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 mpaka alipofariki 1924. Mwaka 1913 aliandika akiwa huku kwetu kuwapinga wanazuoni wa kanisa lake Uingereza waliokuwa wanaipunguza imani ili ilingane na fikra za wakati wao. Alikuwa mkali, na kwa maoni yangu alivuka mpaka alipowashitaki kwa uzushi maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda. Lakini mtu huyohuyo, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliongoza wapagazi wa Zanzibar kule bara, akienda nao kwa miguu. Mwaka 1920 akaipinga hadharani serikali ya Uingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kazi. Na mwaka 1923, mjini London, akawaambia Waanglikana wenzake kwamba hawawezi kudai wanamwabudu Yesu katika tabenakulo (kisanduku cha altareni kinachohifadhi mkate wa Ekaristi) huku hawamhurumii katika vibanda vya maskini.

Wanafalsafa wako wa Weti wape ufagio Jumamosi moja. Nawe uombe kitabu kimoja kwao.

Mwanangu anasoma ng'ambo, siku hizi hataki kusikia habari za kanisa. Jirani yangu Mwislamu naye analia hivyohivyo kwa mwanawe. (Mama, Mbweni)

Mama yangu, acha kwanza kumtumia mistari ya Biblia kwenye simu kila alfajiri. Anaifuta bila kuisoma. Muulize amesoma nini, umwombe akueleze kwa Kiswahili, na usimkatize. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kujibu "kwa upole na kwa hofu", na inamtaja mtu anayeuliza. Wako hajauliza bado.

Akija likizo, mwambie jirani aje na wake. Wapikieni, kisha nyinyi wawili mwingie ndani muwaachie baraza. Wataulizana yale wanayoona haya kutuuliza sisi.