Maswali ya Wasomaji: Nimebaki Nyuma Siku Arobaini

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mbagala na ninauza mchele na maharage katika soko la Tandika, Dar es Salaam. Katika mkesha wa Mwaka Mpya tuligawiwa kanisani karatasi ya mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja, sura tatu kila siku na sura tano siku ya Jumapili. Nilianza kwa furaha, nikamaliza Mwanzo na Kutoka. Mwishoni mwa Januari, wakati wa kuhangaikia ada na sare za shule, nilikwama katika Walawi sura ya 13, nami sijasonga tena. Zimepita siku arobaini. Jumapili moja usiku nilijaribu kusoma sura saba kwa mkupuo ili nifidie, na mwanangu wa kwanza aliponiuliza nimesoma nini, sikuwa na jibu hata la neno moja. Karatasi nimeibandika ukutani karibu na meza, na kila nikiitazama naona kana kwamba inanidai. Je, nianze upya, niendelee pale nilipoachia, au nikubali tu kwamba jambo hili ni la watu wenye nafasi? – Mama wa watatu, Mbagala.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umetumia neno moja ambalo nimelirudia mara kadhaa tangu nisome barua yako, nalo ni kwamba karatasi “inanidai”. Tulianzie hapo, kwa sababu ninaamini kwamba kilichokukwamisha kwa muda wote huu si Walawi bali ni hilo deni. Ukipiga hesabu vizuri, siku arobaini ulizokosa ni sura zaidi ya 120, na mtu anayeamka saa kumi alfajiri, anayesimama sokoni mchana kutwa na kurudi nyumbani kupika, hana mahali pa kuziweka sura 120 juu ya zile za leo. Hivyo basi kila jioni unajiona umeshindwa kabla hujafungua kitabu, na kisha hukifungui.

Ushauri wangu ni huu, nami nausema bila kusita: viporo hivyo viache. Usivilipe. Kesho fungua karatasi yako, tafuta tarehe ya kesho, usome sura zilizoandikwa hapo, na zile za nyuma uzipite kama zilivyo, ukijua kwamba utakutana nazo mwakani. Umeshasoma Kutoka, kwa hiyo unaikumbuka habari ya mana, ule mkate ambao Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika sura ya 16. Watu walitoka asubuhi kwa asubuhi, kila mmoja akaokota kiasi cha kula kwake, na jua lilipokuwa kali ile iliyobaki kondeni iliyeyuka. Hapakuwa na mtu aliyekuta rundo la mana ya jana likimngoja aliokote kwanza ndipo aruhusiwe kugusa ya leo. Aliyetoka asubuhi alikuta mkate wa siku ile. Nimeliona jambo hili katika maisha yangu mwenyewe, kwani mwaka ambao mwanangu alilazwa hospitali kwa majuma sita sikusoma sura hata moja ya mpango wangu, isipokuwa Zaburi ya 23, niliyoikariri pembeni ya kitanda chake. Niliporudi nyumbani nilijaribu kulipa, nikachoka, nikaacha kabisa hadi mwaka ukaisha. Majuma yale sita hayakunipotezea kitu. Kilichoniibia mwaka mzima ni ule ukaidi wa kutaka kulipa.

Ni vizuri pia ujue kwamba hukukwama peke yako, wala hukukwama mahali pa ajabu. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka ina sura 40, kwa hiyo yeyote anayeanza tarehe 1 Januari kwa mpango kama wako huingia Walawi siku za mwisho wa mwezi huohuo. Ametoka katika habari za Ibrahimu, Yusufu na Musa, ambazo zinajisoma zenyewe. Amepita vipimo vya maskani, ile hema ya ibada, kuanzia Kutoka 25. Sasa anakutana na sura 27 za sadaka, damu, upele na ukoma, na mbele yake zinamsubiri sura 36 za Hesabu, ambazo zinaanza kwa orodha ndefu ya majina ya makabila na idadi yao. Ongezea hapo ada na sare. Ningeshangaa zaidi kama ungeniambia kwamba ulipita hapo ukiimba.

Hata hivyo, kabla hujaruka kwenda kwenye tarehe ya kesho, ninakuomba kitu kimoja kwa ajili yako wewe unayeuza mchele na maharage. Soma Walawi sura ya 19, hiyo moja tu, na uisome kwa wiki nzima. Katika mstari wa 9 na wa 10 mwenye shamba anaambiwa asivune mpaka pembezoni wala asiokote masazo ya mavuno yake, bali awaachie maskini na mgeni. Wewe unawajua wale akina bibi wanaopita sokoni jioni na vifagio vyao vidogo, wakikusanya punje zilizomwagika chini ya magunia, na unajua pia kwamba wapo wafanyabiashara wanaowafukuza. Kisha shuka hadi mstari wa 35 na wa 36, uone kwamba sheria hiyohiyo inaingia moja kwa moja kwenye meza yako: mizani ya haki, mawe ya kupimia ya haki. Mawe ya mizani, mwanangu! Yale yale unayoyainua mara mia kwa siku. Mungu aliyesema kwamba umpende jirani yako kama nafsi yako, na maneno hayo yamo katika sura hiyohiyo, mstari wa 18, aliona inafaa kutaja na jiwe la kilo. Ukisoma hivyo, mstari mmoja ukiwa umesimama nyuma ya mizani yako, mwanao akikuuliza umesoma nini utakuwa na jibu, tena refu.

Ninakupa mfano huo kwa sababu ninaona kwamba tatizo la pili katika barua yako, lile la sura saba zilizopita bila kuacha kitu, ni kubwa kuliko la kubaki nyuma. Mtumishi wa Mungu Robert Murray M’Cheyne, mchungaji kijana wa mji wa Dundee huko Uskoti, aliwaandalia washarika wake mwaka 1842 mpango wa kusoma sehemu nne kila siku, ili Agano la Kale lisomwe mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 29, na mpango wake bado unatumika mpaka leo. Linalonigusa ni kwamba katika utangulizi wa mpango huohuo aliwaonya watu wake waziwazi juu ya hatari zake: kwamba usomaji unaweza kugeuka mazoea matupu, kwamba mtu anaweza kuridhika na nafsi yake kwa sababu tu ametimiza sehemu zake, kwamba anaweza kusoma kwa haraka bila kujali, na kwamba kwa wengine mpango unaweza kuwa nira nzito. Mwenye mpango ndiye aliyesema hayo. Ukihisi uzito, basi, usidhani kwamba imani yako ina kasoro.

Na kama baada ya wiki chache utaona kwamba sura tatu kwa siku haziwezekani kwa maisha yako ya sasa, badili mpango bila kuona aibu. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, sura tano kwa wiki, katika wiki 52 utakuwa umelimaliza lote, na kila Jumamosi na Jumapili unabaki na nafasi ya kusoma ile iliyokuponyoka katikati ya wiki. Mimi nauona huo kuwa mpango wa mtu mwenye kazi, kwa sababu umetengenezwa ukijua kwamba kuna siku mtoto atapata homa na kuna siku daladala itaharibika njiani. Biblia nzima ina sura 1,189, nazo zinaweza kukungoja hadi watoto wakue kidogo.

Kuhusu saa, usitafute saa mpya. Siku yako haina. Tafuta dakika ambazo tayari umesimama mahali pamoja ukingoja kitu. Sura ya kawaida husomwa kwa dakika tatu hadi tano (ukiacha Zaburi ya 119 yenye mistari 176), na maji ya chai ya asubuhi huchukua muda zaidi ya huo kuchemka. Mama yangu mzazi aliiweka Biblia yake juu ya ndoo ya unga, ikiwa imefunikwa kwa karatasi ya kaki, na njiti ya kiberiti ndiyo iliyokuwa alama yake ya kurasa. Asingeweza kuchota unga wa uji bila kwanza kuishika Biblia kwa mikono miwili na kuiweka pembeni, na alivyoishika ndivyo alivyoifungua. Sikumwona hata siku moja akitafuta muda wa kusoma. Kwa hiyo ile karatasi ya ukutani iondoe, uikunje uiweke ndani ya Biblia yenyewe, na Biblia uiweke pale ambapo mkono wako utaigusa hata usipokusudia.

Jambo la mwisho kwako: kama majina ya vipimo vya kale, kwa mfano efa na hini, yanakuchosha katika tafsiri ya Union Version, ambayo ni ya mwaka 1952, tafuta Biblia Habari Njema uisome sambamba nayo. Wako wanaoona kwamba kufanya hivyo ni kupunguza heshima. Sikubaliani nao. Katika Nehemia sura ya 8, Ezra aliposoma torati mbele ya mkutano tangu asubuhi hadi adhuhuri, Walawi, yaani watu wa kabila la Lawi, walikuwapo kuwaeleza watu maana yake, mpaka wakafahamu kilichosomwa, na ndipo watu walipolia.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Mwanza. Macho yangu yamechoka na taa ya lindo ni hafifu, kwa hiyo nimepakua Biblia ya sauti kwenye simu. Mwenzangu wa kanisani ananiambia kwamba kusikiliza si kusoma, na kwamba nisiweke alama ya vema kwenye mpango wangu. Je, ni kweli? – Mlinzi, Mwanza.

JIBU: Weka alama yako, kaka yangu, kwa moyo mweupe. Wakristo wa kwanza walio wengi hawakuwa na kitabu mikononi. Paulo aliwaagiza Wakolosai (4:16) kwamba waraka ukiisha kusomwa kwao usomwe pia katika kanisa la Walaodikia, maana yake mmoja alisoma na wengine wote wakasikia. Ufunuo 1:3 unamtaja heri asomaye na kisha wao wasikiao, bila kuwaweka wa pili chini ya wa kwanza. Na Warumi 10:17 unasema kwamba chanzo cha imani ni kusikia.

Ninakuonya kwa jambo moja tu, ambalo mwenzako huenda alilihisi bila kulieleza vizuri: sauti inaendelea kusoma hata wewe ukiwa hupo. Kitabu hukaa kimya macho yakisinzia, lakini simu itamaliza Yeremia nzima huku akili yako iko kwenye geti. Kwa hiyo sikiliza sura moja mara mbili badala ya sura mbili mara moja, na kabla ya kugusa ile ya pili, ijaribu ile uliyoisikia kwa kuisimulia mwenyewe kwa maneno yako, hata kwa kunong’ona. Tena usisikilize ukiwa lindoni na vifaa masikioni, kwa kuwa umeajiriwa kwa ajili ya masikio hayo. Njiani asubuhi kuelekea nyumbani, kabla ya kulala, panatosha.

SWALI: Tumeanza kusoma Biblia na watoto wetu baada ya chakula cha usiku, lakini kabla ya sura kwisha wawili wanakuwa wamelala na wa tatu anacheza na kijiko. Mke wangu anasema tuache mpaka wakue. Mimi naona vibaya kuacha. – Baba, Iringa.

JIBU: Msiache, ila mfupishe. Sura nzima usiku ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka mitano aliyeshiba ugali. Chukueni Injili ya Marko, yenye sura 16 na visa vifupi vifupi, msome kisa kimoja kila siku, na msome kabla ya chakula, wakati njaa bado inawaweka macho. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja kuwafundisha watoto uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, kwa hiyo hamjafungwa kwenye saa mbili ya usiku. Huyo wa kijiko mwachieni kijiko chake, kisha kesho yake asubuhi mnapompeleka shule mwulizeni ni watu wangapi waliombeba yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2, na walimpitisha wapi walipoukuta mlango umejaa watu.