Nitakusubiri kwa maneno matano

Maswali ya wiki hii mengi yameandikwa na watu wanaokula kwa Kiingereza chao: wapagazi, wahudumu wa hoteli, wafanyabiashara wa Moshi na Arusha, na wanafunzi ambao darasa la saba walisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wakakuta Biolojia imegeuka kuwa ya Kiingereza. Nimeyafupisha na majina nimeyaondoa. Karibu yote yana mzizi mmoja. Sisi tukisema "nitakusubiri", mimi nimo, wewe umo, wakati umo na tendo limo. Mwingereza analazimika kuvitandaza: "I will wait for you". Anayetafsiri kichwani hudondosha kipande, na mara nyingi ni kile kidogo cha katikati.

Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napandisha mizigo Kilimanjaro kwa njia ya Machame na natafuta leseni ya uongozaji. Nilimwambia bosi "I will pick up them at KIA", yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akasema Kiingereza changu kimepinda. Lakini "I will pick up the guests" alinikubalia. Tofauti iko wapi?

Kaka, "the guests" ni nomino na "them" ni kiwakilishi, na hapo ndipo penye mgogoro. "Pick up" ni kitenzi cha vipande viwili. Nomino ina uhuru wake: "pick up the guests" ni sawa, na "pick the guests up" ni sawa pia. Kiwakilishi hakina uhuru huo, lazima kikae katikati: "pick them up". Mlimani utaitumia kanuni hii kutwa. Mgeni anatetemeka kambi ya Barafu usiku wa kupanda kileleni, jaketi kalishika mkononi: "Put it on." Kuna fomu ya kujaza getini: "Fill it in." Taa ya kichwani inawaka na jua limeshatoka: "Turn it off."

Sasa usije ukaipeleka kanuni hiyo kila mahali. Tunasema "look at them", "wait for them", "listen to them", na hakuna "wait them for". Vitabu vingi hukupa orodha ndefu ukariri. Mimi nasema tumia sikio. Mgeni akisema "pick them up", sauti inakaza kwenye "up". Akisema "wait for them", anakaza "wait", na "for" inamezwa mpaka inasikika kama "fa". Kinachokazwa ni sehemu ya kitenzi, na kiwakilishi hutangulia mbele yake. Kinachomezwa ni kihusishi, na kiwakilishi hukifuata nyuma. Kipimo hiki kinafaa kwa maneno ya silabi moja. "Look after them" inakiponyoka, kwa kuwa "after" ina silabi mbili na mkazo wake yenyewe. Hiyo kariri tu.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha kwanza, hapa Sakina, Arusha. Nimekoseshwa kwa kuandika "Explain me this question" na "I am waiting you". Lakini "Tell me" imepewa vema. Kwa nini?

Marahaba mwanangu. Ulisoma kauli ya kutendea shule ya msingi: pika, pikia, fungua, fungulia, leta, letea. Kile kiambishi kidogo, -i- au -e-, ndicho kinachofanya kazi ambayo Kiingereza kimewapa "for" na "to". "Nifungulie mlango" inakuwa "Open the door for me". Kwa sababu sisi tunakificha ndani ya kitenzi, tukivuka kwenda upande wa pili hatukumbuki kwamba kule kinatakiwa kisimame peke yake.

Ugumu ni kwamba Kiingereza nacho hakina msimamo. Vitenzi kama "give", "send", "show", "bring" na "tell" vinapokea mtu moja kwa moja: "Give me the book", "Show me the way". "Explain", "describe" na "suggest" vinakataa: "Explain it to me", "Describe him to us". Kuna historia hapo. Vile vifupi vya kundi la kwanza ni vya Kiingereza cha asili. Vile virefu vimetoka Kilatini, vingine kwa kupitia Kifaransa, lugha iliyoingia kwa nguvu Uingereza baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066. Vitenzi hivyo vya kigeni vingi havikuzoea kubeba watendwa wawili bila msaada wa "to". Si sheria kamili, "offer" na "promise" pia ni vya Kilatini na vinabeba bila shida, lakini ukikutana na kitenzi kirefu usichokijua, weka "to" na mara nyingi utakuwa salama.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, la kuongeza kihusishi pasipotakiwa. "Discuss about it" inaandikwa hata kwenye barua za ofisini mjini Arusha. Ni "discuss it". Ni "enter the park", bila "into", na "reach the summit", bila "to".

Niko mapokezi kwenye hoteli ya Moshi. Meneja ananirekebisha nikisema "The guest he has arrived" na "The room which you slept in it".

Dada, hayo ni makosa mawili ya ukoo mmoja. Kwetu "mgeni amefika" lazima iwe na "a-", hata kama mgeni ametajwa. Kiingereza kikishamtaja mgeni hakitaki tena "he": "The guest has arrived". Vivyo hivyo "mlima tulioupanda". Hiyo "u" katikati inaurudia mlima, nasi tumezoea kuitia. Kiingereza kinaacha pengo: "The mountain we climbed". Ukitia "it" mwishoni, mlima umekuwa miwili.

Ila kihusishi usikitupe pamoja na kiwakilishi. "The room you slept in" inabaki na "in" yake mkiani. Kuna walimu wanaosema sentensi isiishie kwa kihusishi. Katazo hilo lina jina la mshairi John Dryden, aliyemkosoa Ben Jonson kwa jambo hilo mwaka 1672, na Waingereza wenyewe hawajawahi kulitii wanapozungumza. Mgeni akikuuliza "Who are you waiting for?" hajakosea kitu.

Nauza vitenge. Nikiwaelezea wateja habari za mume wangu najikuta nasema "she". Wanacheka, na yeye hapendi.

Mama, "a-" ya Kiswahili haijali jinsia, kwa hiyo ulimi wako haujawahi kulazimika kuchagua. Dawa si kukariri, maana "he" na "she" unavijua tangu zamani. Anza sentensi kwa "My husband" au kwa jina lake, kisha vuta pumzi kabla ya kiwakilishi cha kwanza. Kikitoka sawa, vinavyofuata huwa vinafuata. Na kumbuka "his" na "her" vinamwangalia mwenye kitu, si kitu chenyewe: mume wako na dada yake ni "he and his sister".

"Panda gari" ni "climb the car"?

Hapana. "Climb" iachie Kilimanjaro, tena bila kihusishi. Gari dogo na Land Cruiser ni "get in", na kushuka ni "get out of". Basi, treni na ndege ni "get on" na "get off", kwa kuwa mtu anaweza kusimama na kutembea ndani. Bodaboda na baiskeli pia ni "on". Daladala huhesabiwa pamoja na mabasi, ingawa ukikunjwa kwenye Haisi ya Ngaramtoni utaona "in" ndiyo haki yako.

"At", "on", "in" kwenye muda?

Saa ni "at", siku ni "on", mwezi na mwaka ni "in". Asubuhi ni "in the morning", usiku ni "at night". Hiyo ya usiku haina maelezo ya maana, ikubali. Na ukimwambia mgeni saa, badilisha kwanza saa yetu: saa kumi na mbili asubuhi ni "at six".

Nilisema "I was bitten with a dog" hospitalini, daktari mgeni akauliza nani mwingine aling'atwa.

Pole sana, natumaini sindano ulichomwa. "Na" yetu ina kazi nyingi, na kila kazi Kiingereza kimeipa neno lake. Mtenda ni "by": "bitten by a dog". Mwenzako ni "with": "I came with my brother". Kifaa, ambacho sisi tunakiambia "kwa", nacho ni "with": "cut with a knife". Ndoa ina lake kabisa: "She is married to a doctor". Ukisema "married with", wengi husubiri umalizie, kwa sababu wamezoea kusikia "married with two children".