Mmemuuliza anayepokea, mimi namjibia aliyebaki benchi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Unaposhiriki Chakula cha Bwana, nini hutokea rohoni mwako?" Nililisoma nikiwa kituoni Buguruni nasubiri gari la Tabata. Kabla halijaja nilikuwa nimeshaandika jibu: amani, msamaha, nguvu za kuanza wiki. Nikalifuta. Hayo si uongo, ila niliyakariri miaka mingi kabla sijayahisi, na mtu ukijibu kwa ulichokariri unajisikia kama mtoto aliye mbele ya ubao.

Ninyi mmemtafuta mtu aliyekwisha kupiga magoti. Mimi nimelelewa na mtu aliyebaki benchi miaka 20, na nikisema habari za ushirika bila kuanzia kwenye lile benchi naona nadanganya.

Kwa wasiotoka kwetu, Kilimanjaro, upande wa Walutheri: mtu akianza kuishi na mwenzake bila kufunga ndoa kanisani, anatengwa. Hafukuzwi. Ibadani anakuja, anaimba, sadaka anatoa, ndizi za mavuno anazibeba kichwani kama wenzake. Meza ya Bwana tu ndiyo haiendei, mpaka ndoa ibarikiwe na arudi kundini. Na akifa kabla ya hapo, wenye kuzika wanaanza kutazamana. Wakatoliki nao wana ya kwao. Jirani yangu hapa Tabata hakomuniki kwa ajili ya mambo ya ndoa, na mimi na yeye tunaelewana bila kuelezana.

Mama alikwenda kwa baba mwaka 1973. Mahari ilitolewa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, wazee wa pande zote wakaridhika. Lililobaki ni kanisa. Baba hakuwa na ugomvi na dini, alikuwa tu mtu wa kesho. Alitaka suti, alitaka kuchinja ng'ombe, alitaka tarumbeta zimtoe kanisani mpaka nyumbani watu wakitoka kwenye migomba kuangalia. "Kahawa ikilipa mwaka huu, tunabariki." Kwetu wakati ule ukisema ushirika bila kuongeza neno, watu walielewa chama cha kahawa, KNCU, kilichoanzishwa 1933. Ule wa kanisani ilibidi useme Ushirika Mtakatifu. Baba alihudhuria ushirika wa kahawa bila kukosa. Mwaka 1989, mwaka wa kipaimara changu, mkataba wa kahawa wa dunia ulivunjika mwezi Julai, bei ikaporomoka, na suti ya baba ikaenda nayo.

Sasa niwaeleze kuhusu vikombe, na mnisamehe kama nitakawia hapa.

Aliyekuwa akiosha vikombe vya ushirika ni mama. Akina mama wa usharika, yaani kanisa letu la pale, walikuwa na zamu, na zamu haikuuliza nani ametengwa. Vilikuwa vikombe vya glasi, vidogo, kama urefu wa kidole gumba, vinakaa kwenye sinia la aluminiamu lenye matundu. Jumamosi mchana vilikuja nyumbani ndani ya kikapu, vimefungwa kwenye kanga. Mama alichemsha maji, akavisuuza kimoja kimoja, halafu tena kwa maji yenye limau ili kutoa harufu. Divai ikikauka huacha duara jekundu chini kabisa, mahali kidole hakifiki. Kwa hilo alikuwa na njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba. Kisha alivikausha kwa kipande cha mfuko wa ngano kilichofuliwa mpaka kikawa cheupe, akakiinua kila kikombe dirishani, akakigeuza kwenye mwanga, na ndipo akakirudisha kwenye tundu lake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Siku moja, nikiwa na miaka kama minane, nilitia ulimi ndani ya kikombe ambacho hakijaoshwa. Nilipigwa kofi la mkono ambalo nalikumbuka hadi leo. Hakusema kitu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba yeye mwenyewe, akiinama juu ya sufuria, alikuwa akigeuza uso pembeni ule mvuke unapopanda. Hakutaka hata kuinusa.

Jumapili alikaa benchi la tatu kutoka mlangoni, upande wa wanawake. Watu waliinuka safu kwa safu, wakaenda, wakarudi wameinamisha vichwa. Yeye alivuta magoti pembeni wapite. Sijui mmewahi kukaa kwenye benchi ambalo wote wameondoka mkabaki wawili. Lile benchi linakuwa refu.

Desemba 1989 zamu yangu ikafika. Tulikuwa thelathini na kitu, wasichana tumevaa nguo nyeupe, baadhi yetu za kuazima. Katekismo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529, tulikuwa tumeimeza yote, pamoja na lile swali la nani anayeipokea Sakramenti hii kwa kustahili. Jibu tulilitamka kwa sauti moja mbele ya usharika wote: kufunga na kujitayarisha kimwili ni utaratibu mzuri, lakini anayestahili hasa ni mwenye kuyaamini maneno haya, "kwa ajili yenu". Mama alikuwepo, anasikiliza. Mimi wakati huo sikuona chochote cha ajabu. Nilichokuwa nawaza ni kikombe kimoja chenye pengo mdomoni. Jana yake nilimwambia mama tukitupe, akasema tukiweke tundu la nyuma. Nilikuwa nimekitegea kile, nipate kukijua. Kikachukuliwa na mvulana aliyepiga magoti kuliani kwangu.

Niliporudi benchi nilikaa karibu na mama. Hakunipa mkono wa hongera, hakulia. Alisogeza uso, akaleta pua karibu na mdomo wangu kama askari anayemkagua dereva, akavuta pumzi. Mara moja tu. Halafu akakaa sawa, akasema, "Usiteme mate mpaka jioni."

Na pale benchi alikuwepo mtu wa tatu. Tulimwita Bibi wa Kisimani, mjane wa mzee wa kanisa, mama ambaye hakuna aliyewahi kumtaja kwa baya. Hakuwa ametengwa, na angetengwa kwa lipi? Mama alivuta magoti ampishe, yeye hakuinuka. "Magoti leo hayataki," alisema. Watu wakaona ni uzee. Lakini Jumapili zote za kawaida magoti yale yalipanda kile kilima cha kanisani na mzigo wa majani ya ng'ombe siku ya pili yake. Yaliuma Jumapili za ushirika tu. Tena, nilivyokuja kuuliza nikiwa mtu mzima, yaliuma Jumapili ambazo mama yupo. Mama akiugua asipokuja, Bibi wa Kisimani alikwenda mezani kama kawaida.

Mpaka hapa msimamo wangu mnauona: kuwazuia watu Meza ya Bwana ni ukatili. Nimelisema hilo miaka mingi, na hoja ninayo. Wanaotenga watu hupenda kumtaja Paulo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 11, mtu asile isivyostahili. Haya, tusome na kilichotangulia. Korintho walikuwa wakikutana kwa chakula, wenye nacho wanaanza kula kabla maskini hawajafika, "huyu ana njaa, na huyu amelewa". Kosa alilolikemea ni hilo. Na akishamaliza kutisha kuhusu hukumu, dawa anayotoa ni neno moja tu, aya ya 33: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Mngojane! Luther na Zwingli, mwanamatengenezo mwenzake wa Uswisi, walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka huohuo wa 1529 wakagombana kama mkate ndio mwili au ni ishara yake, Luther akaandika kwa chaki juu ya meza maneno "huu ni mwili wangu", wakaachana hawajapatana. Sidharau, mambo yale ni mazito. Ila sijasikia mtu akigombana hivyo kwa ajili ya neno "mngojane". Aliyelishika, kwa ninavyojua mimi, ni mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini nimeanza kuandika na sasa yananijia mengine.

Mimi leo ni mzee wa kanisa. Miaka michache iliyopita kwenye baraza letu ilikuja habari ya mwanamume aliyempiga mkewe mpaka akavunjika mkono, na Jumapili iliyofuata akaenda mezani, mke akiwa safu ya nyuma yake na bandeji. Nani alisema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba huyu asiguse kikombe mpaka atubu hadharani? Ni mimi, binti wa mama wa benchi la tatu. Na sijutii. Meza isiyomwambia mtu kama yule "ngoja kwanza" sijui ni meza ya nani.

Halafu kuna mama mwenyewe. Mwaka 1993 alikuja mchungaji mpya, akaketi kwetu jioni moja, akamwuliza baba bei ya ng'ombe. Baba akataja. Akamwuliza bei ya chai na maandazi. Baba akacheka. Baada ya matangazo ya Jumapili tatu, ndoa ikafungwa Jumamosi asubuhi, watu hawafiki ishirini. Sikuwepo, nilikuwa shuleni bweni, kwa hiyo nasimulia alivyonisimulia. Kesho yake akaenda mezani. Sinia likaja, akachukua kikombe, na mkono ukafanya ulichozoea: ukakiinua kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama kimetakata. Divai ikiwa ndani. Mchungaji akasubiri, mwisho akainama akamnong'oneza, "Kunywa, mama."

Niliwahi kumwambia kwamba ile miaka 20 aliibiwa, kwamba utaratibu ule ungefutwa. Nilidhani ananiunga mkono. Akaniangalia. "Unataka kunipunguzia siku yangu?"

Sikuwa na jibu, na bado sina.

Wasomaji wa kwetu wanalijua isale, lile jani refu. Kwa wengine: ndilo linalopandwa mpakani kati ya kihamba na kihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, na ndilo hilohilo analoshika mtu akienda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Babu na ndugu yake walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka. Babu alikata isale palepale kwenye mpaka waliougombea, akalipeleka, na jioni wakanywa mbege katika kibuyu kimoja, babu akionja kwanza. Kuna waliouita ushirikina. Ushirika na ushirikina, mhariri, ni maneno yaliyotoka tumbo moja, na kwa babu sikuona kilichowatenganisha.

Kwa hiyo mkinibana niseme, nasema, na msininukuu bila nusu ya pili: mpaka wa mezani ubaki. Ndiyo, nimeanza barua nikiupinga. Ubaki kwa anayeumiza watu, na usiwe kwa asiye na bei ya ng'ombe. Na kama ni lazima ubaki kwa wengine pia, basi walio ndani wasile haraka hivi, kama wale wa Korintho. Hili la mwisho sijui linaandikwaje kwenye katiba ya usharika.

Nalisema nikiwa na doa. Mwezi uliopita tulimtenga binti wa kwaya kwa sababu ya mimba. Mvulana husika ni wa usharika mwingine na, nasikia, anaendelea kupiga kinanda. Nilinyoosha mkono na wenzangu. Tangu hapo binti amehama viti vya kwaya, anakaa nyuma karibu na spika, peke yake.

Mliuliza nini hutokea rohoni mwangu ninaposhiriki. Nanusa. Kabla sijanywa nanusa divai, na harufu ile haijawahi kunifikisha kwa Bwana bila kunipitisha jikoni kwetu, kwenye sufuria na limau na uso uliogeuzwa pembeni. Kama hiyo ni hali ya kiroho au ni kumbukumbu tu, wataalamu wa mambo haya watasema. Vikombe vya kwetu hapa siku hizi ni vya plastiki, vinatupwa, hakuna anayeviosha. Mama alipokuja kunitembelea alikunywa, akakifuta cha kwake kwa leso, akakitia kwenye mkoba.

Ushirika wetu ujao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Viti vya karibu na spika vina kelele sana, lakini nafasi ipo, na magoti yangu tangu juzi hayako sawa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam