Fizi zinatoka damu, ninunue dawa ya kuua bakteria wote wa mdomoni?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 36, niko Mwanza. Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, ni tangu mwaka jana. Nimeshakunywa amoksilini mara mbili, damu inakata alafu inarudi. Baba yangu ana kisukari na meno yake ya mbele yameanza kucheza. Sasa kuna jamaa anasema bakteria wa mdomo wanahamia kwenye moyo na ubongo ndo wanaleta presha na kusahau, anauza dawa ya kusukutua na kunywa inayoua bakteria wote wa kinywa na kusafisha damu, chupa elfu 45. Nichukue mbili, yangu na ya mzee?

JIBU: Marahaba. Usichukue hata moja.

Swali hili naletewa kila mara, chupa tu ndo inabadilika rangi. PhD yangu niliifanya kwenye jambo hilihili, bakteria wa fizi na mwili wa mtu wanavyopimana nguvu, kwa hiyo nikisikia mtu anauza "kuua bakteria wote" naishiwa pozi kabisa. Mdomoni kuna aina zaidi ya 700 za bakteria wanaojulikana, kila mtu ana zake kadhaa kati ya hizo, na wengi wao hawana ubaya wowote na wewe. Huwezi kuwamaliza. Na hata ungeweza usingetaka, nitakuambia kwa nini.

Kitu ambacho watu hawataki kusikia ni hiki: mfupa unaoshika jino hauliwi na bakteria, unaliwa na mwili wako mwenyewe. Bakteria wanachokoza, mwili unavimba, na ule uvimbe ukikaa miezi na miaka ndo unaziamsha seli za mwili zinazomeng'enya mfupa, fizi inarudi nyuma, jino linaanza kucheza. Kuna bakteria mmoja maarufu kwenye hii habari anaitwa Porphyromonas gingivalis. Hana haja na sukari, chakula chake ni protini na madini ya chuma, na chuma anakipata kwenye damu. Ana vimeng'enya vinaitwa jinjipaini, anavitumia kukatakata protini za kinga yako kwa namna ambayo chembe nyeupe zinaendelea kumiminika pale na kuleta uvimbe lakini zinashindwa kumuua. Yaani hataki uvimbe uishe, fizi ikivimba na kuvuja yeye na wenzake ndo wanakula. Kwenye majaribio ya panya yaliyochapishwa 2011 huyu mdudu hakufika hata mmoja kati ya bakteria elfu 10 mdomoni na bado mfupa ulipungua, lakini alipowekwa peke yake kwa panya wasio na bakteria wengine hakufanya lolote. Anahitaji jamii nzima imzunguke na mwili uingie mkenge.

Sasa niambie, amoksilini yako inaingilia wapi hapo? Bakteria wa fizi hawaelei hovyo mdomoni, wamejenga ukoga, wameshikana humo ndani tabaka kwa tabaka na dawa inayopita kwenye damu au juujuu kwa kusukutua inawafikia kidogo sana. We umewahi kuona utelezi ndani ya jerikeni la maji? Mimina dawa unavyotaka, usipoingiza kitu ukasugua hautoki. Ndo maana damu yako inakata siku chache inarudi, ukoga bado upo palepale umekaa chini ya fizi. Sisi tunatumia antibayotiki kwa wagonjwa wachache wenye ugonjwa unaokimbia kasi, na hata hao tunawapa sambamba na kusafishwa chini ya fizi kwa vifaa, sio badala yake. Dozi mbili ulizokunywa zinaweza kuwa zimekuachia bakteria wa tumboni na mdomoni waliozoea dawa, basi.

Na hao "wote" unaotaka kuuziwa kifo chao, wamo wanaokufanyia kazi. Ukila mchicha, mwili unachuja naitreti zake (aina ya chumvi iliyomo kwenye mboga) na kuzileta kwenye mate, bakteria wa ulimi wanazigeuza kuwa chumvi nyingine, naitraiti, ukimeza mwili unazitumia kulegeza mishipa ya damu. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria, wasukutue wiki nzima, presha ikapanda kwa kama pointi 2 hadi 3 na nusu. Ni kidogo, sawa, sisemi klorheksidini ni sumu, naiandika mwenyewe kwa wiki mbili mgonjwa akitoka kufanyiwa upasuaji wa fizi. Ila huyo jamaa anayekuuzia kinga ya presha kwa kuua bakteria wa mdomo amekamata habari kwa mkia.

Tuje kwa moyo na ubongo, maana hapo ndo wanapopigia hela. Kweli bakteria wa mdomo wanaingia kwenye damu, hata ukitafuna na fizi zimevimba wanaingia, kwa kawaida mwili unawafagia ndani ya dakika chache. Mwenye valvu ya bandia ya moyo, au aliyewahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo, huyo lazima amwambie daktari wa meno kabla hajaguswa, hilo sio la mjadala. Lakini kwamba fizi mbovu ndo zinasababisha shambulio la moyo? Chama cha Moyo cha Marekani kilikaa na ushahidi wote mwaka 2012 kikasema uhusiano upo, usababishi haujathibitishwa. Ubongo nao, 2019 ilitoka tafiti iliyokuta jinjipaini kwenye ubongo wa waliokufa na Alzheimer's, ule ugonjwa wa kusahau, dunia nzima ikashangilia, ikatengenezwa dawa ya kuzima vimeng'enya hivyo, na 2021 majaribio yakarudi, wagonjwa hawakupata nafuu kwenye vile vipimo vikuu vilivyowekwa. Ilidhaniwa pia fizi mbovu zinafanya wajawazito wajifungue mapema, wakatibiwa fizi kwenye utafiti mkubwa Marekani, majibu yakatoka 2006, fizi zikapata nafuu lakini kujifungua kabla ya wakati hakukupungua. Kukutwa mahali pa tukio sio kuwa muuaji. Muuza chupa anasoma nusu ya kwanza ya habari, ile ya kutisha, ya pili hana habari nayo.

Penye ukweli mzito ni kisukari cha mzee. Sukari ikiwa juu uvimbe wa fizi unakuwa mkali na kupona kunachelewa, na fizi zikiwa zimevimba sukari nayo inagoma kushuka, zinasukumana. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja uliotolewa 2022 ulionyesha kutibu fizi vizuri kunashusha kile kipimo cha sukari cha miezi 3 (HbA1c), ambacho husomwa kwa asilimia, kwa kama pointi 0.43 ndani ya miezi mitatu minne, ambayo kwa mgonjwa wa kisukari ni kitu. Kutibu, narudia, maana yake mtu mwenye vifaa akae akwangue. Na mzee ataambiwa mtaani kwamba kusafisha meno hospitali kunalegeza meno, hii nayo inanichosha sana jamani. Jino lilishalegea zamani, ukoga ulioganda ndo ulikuwa umeyashikanisha, ukitolewa unaona hali halisi.

Alafu usijifananishe na jirani. Kule Sri Lanka wafanyakazi wa mashamba ya chai waliokuwa hawapigi mswaki wala hawajawahi kuonwa na daktari wa meno walifuatiliwa kuanzia 1970 mpaka 1985, asilimia 11 ugonjwa haukusogea kabisa na asilimia 8 meno yaliharibika kwa kasi ya kutisha, wengine wakawa katikati. Tafiti za miaka ya 80 hapa Tanzania na kule Machakos, Kenya zilikuta picha inayofanana, ukoga kwa karibu kila mtu, uharibifu mkubwa kwa wachache. Mwili ndo unaamua. Kwa hiyo shuhuda za "mimi nilitumia chupa tatu nikapona" hazina uzito, huenda huyo hata asingetumia kitu asingeng'oka jino.

Hii tabia ya kuutupia mdomo lawama za kila ugonjwa inaumiza watu. Mtoto anaharisha na ana homa, fizi zimetuna kwa sababu meno yanakuja, anapelekwa kwa fundi anaambiwa ana meno ya plastiki, fizi inachimbwa kwa kifaa kichafu na chipukizi la jino linatolewa, na homa iliyomleta haijatibiwa. Wengine wanaweka maji ya betri kwenye jino lililotoboka ili "mdudu afe". Wote wanauza kitu kilekile, kuua mdudu, na mgonjwa anachelewa.

Wewe nenda usafishwe, uulizie upimwe kina cha mifuko ya fizi, yaani ile nafasi kati ya fizi na jino, sio kuangaliwa kwa macho tu. Piga mswaki hapo panapotoka damu, usiparuke, ndani ya wiki mbili tatu baada ya kusafishwa utaona inapungua. Mzee aende wiki hii, awe amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, abebe majibu yake ya sukari ya karibuni na akarudie kile kipimo cha miezi 3 baada ya matibabu ya fizi kuisha. Dawa zake za kisukari asiache hata moja.