Asilimia 51 kwenye karatasi haitoshi: yaliyonikuta nikitafuta cheti cha biashara ya veterani

Tangu nipate cheti simu haziishi, hasa kutoka kwa vijana wetu wa Kenya na Tanzania waliotoka jeshini hapa Marekani na sasa wana kampuni za usafi, malori, ulinzi. Wote wamesikia kuna tenda za serikali zimetengewa biashara ndogo za maveterani na ni kweli, kwa sisi tulioumia au kuugua tukiwa kazini lengo la serikali kuu lilikua asilimia 3 ya pesa za kandarasi, mwaka wa bajeti 2024 sheria ya ulinzi ikalipandisha hadi 5. Ila siku hizi kujitangazia mwenyewe kwamba wewe ni veterani kumekwisha, cheti kinatolewa na SBA, ile idara ya biashara ndogo, iliyoichukua kazi hio kutoka VA, idara ya maveterani, tarehe 1 Januari 2023.

Sasa niwaambie kilichonikwamisha mimi.

Nilifungua kampuni ya usafi wa majengo hapa Texas pamoja na shemeji yangu. Mimi 51, yeye 49, manake kila mtu alikua ananiambia 51 ndo inayotakiwa. Mkataba wa kampuni tuliutoa kwenye intaneti, tukajaza majina, tukasaini mezani jikoni tukasahau. Nikatuma maombi na roho safi kabisa. Baada ya muda nikaandikiwa kwamba ombi haliwezi kupita vile lilivyo, na sababu ni sentensi moja ukurasa wa nne: maamuzi yote ya kampuni yatahitaji saini ya wanachama wote wawili.

Nilisoma hio sentensi mara tatu. Yani shemeji akikataa kusaini siwezi kuajiri mtu, siwezi kununua hata mashine ya kusugulia sakafu, kwa hivyo mwenye kampuni ni mimi lakini neno la mwisho sina. Na SBA wanachoangalia ni hilo, nani anaamua, hisa peke yake haziwatoshi.

Kumwambia ilikua ngumu kuliko fomu zote, manake pesa ya kuanzia nyingi ilitoka kwake. Akaniuliza, "Kwa hivyo shemeji unanitoa?" Nikamwambia hapana, hisa zako ziko palepale na faida yako ni ileile, kinachobadilika ni nani anaamua mambo ya kila siku. Tukaenda kwa wakili akatuonyesha kwamba kanuni zenyewe zinamwachia mwenzako kauli kwenye mambo machache makubwa kama kuuza kampuni, kuivunja, kuingiza mshirika mpya au kutangaza kufilisika. Hapo akatulia, tukasaini upya, nikatuma tena, cheti kikatoka. Nawaomba sana, hayo mazungumzo yafanyeni kabla ya kutuma maombi, si baada ya kukataliwa. Na kama mchana kutwa umeajiriwa kwingine jiandae kueleza kampuni inaendeshwa na nani saa hizo.

Karatasi zenyewe si nyingi. DD 214 yako, ile karatasi ya kutoka jeshini, barua ya VA ya kiwango cha ulemavu, na msiogope kiwango kidogo, hata barua ikisema asilimia 0 unahesabika. Majina yetu matatu ndo balaa, angalia yafuatane sawasawa kwenye kila karatasi. Kabla ya yote unajisajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya wanaotaka kandarasi, hapo jina na anwani ya kampuni vifanane na karatasi za jimbo hadi namba ya chumba. Ni bure kabisa! Mimi wiki ileile niliyojisajili nilipigiwa na mtu mwenye sauti ya kiofisi akitaka dola 600 eti usajili wangu utafutwa, nusura nilipe. Msilipe.

Wanaouliza kuhusu 8(a), ule mpango wa waliobaguliwa na wenye mali kidogo, huo ni mlango mwingine. Lazima uwe raia, mali yako isizidi dola 850,000 bila kuhesabu nyumba unayoishi na kampuni yenyewe, na unapewa miaka 9 mara moja tu maishani. Zamani mtu mweusi alihesabiwa moja kwa moja kuwa amebaguliwa, mahakama ya serikali kuu huko Tennessee ikazuia hilo Julai 2023, kwa hivyo inabidi uandike yaliyokupata wewe, wapi, lini, na ulipoteza nini.

Cheti ukishakipata hakuna atakayekupigia. Mimi kazi ya kwanza niliipata kwa kujibu tangazo ambalo si tenda hata, ofisi ilikua inauliza tu kama wako maveterani wanaoweza kusafisha jengo fulani, nikajibu kwa kurasa mbili, miezi baadaye tenda ikatoka imetengewa sisi. Aliyenisaidia kuandika zile kurasa ni mtu wa APEX Accelerators, ofisi zinazosaidia biashara kutafuta kandarasi za serikali, na mimi hawakunichukulia senti. Yeye ndo alinionya pia kwamba kwenye kazi za huduma huruhusiwi kuwalipa wasio na cheti kama chako zaidi ya nusu ya pesa ya kandarasi, kwa hivyo usiombe kazi ambayo watu wako hawaiwezi.

Kama mkataba wenu nanyi mliutoa kwenye intaneti, uchapisheni leo usiku, chukueni kalamu, mpige mstari kila mahali panapodai saini ya wote wawili, kisha muende nao kwa wakili.